Vipande Visivyolowekwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Dorika alishuka ufukweni Karema kumpelekea baba yake uji. Baba yake, Felisiani, alikuwa fundi wa boti, na wakati huo alikuwa akiitengeneza boti ya dada yake, Bibiana. Boti hiyo ilibeba abiria na magunia ya dagaa kati ya Karema na Ikola. Ilikuwa na chumba kirefu chenye madirisha pande zote mbili ili watu wasilowe. Vioo vya zamani vilikuwa vimepasuka, na sasa shangazi Bibiana alitaka madirisha ya plastiki nzito, ile inayong'aa kama kioo.

Plastiki ilipatikana bila shida. Shida ilikuwa kitu cha kuzibia, ili maji yasipenye kati ya plastiki na fremu. Felisiani alisafiri mpaka Mpanda mjini, akazunguka maduka ya vifaa vya ujenzi, akarudi na aina mbili. Moja ilikuwa silikoni nyeupe, ambayo mafundi wa nyumba huitumia kuzibia mabafu. Alinunua tyubu nyingi za aina hiyo kwa sababu zilikuwa tele. Nyingine ilikuwa gundi nyeusi ya kuzibia boti na magari, nayo dukani ilibaki tyubu moja tu. Muuzaji alimhakikishia kwamba zote zinashika sawasawa.

"Muuzaji hapandi boti," Felisiani alimwambia binti yake. "Maji yenyewe ndiyo yatakayotuambia."

Akakata vipande viwili vya ubao na viwili vya plastiki. Akavipaka vya ubao rangi ileile ya boti. Kipande kimoja cha plastiki akakigandisha kwenye ubao kwa silikoni nyeupe, kingine kwa gundi nyeusi. Vilipokauka alimkabidhi Dorika na kumweleza kazi: avitumbukize kwenye ndoo ya maji ya ziwa, mchana aiache ndoo juani, na wiki ikiisha avivute kwa nguvu zake zote aone kipi kimeshika na kipi kimeachia. Alimpa yeye kazi hiyo kwa sababu alikuwa mtoto makini, aliyeongoza darasa la sita kwa somo la sayansi.

Dorika aliviweka vipande juu ya rafu ya jikoni, akakusudia kwenda kuteka maji jioni. Jioni hiyo kulikuwa na mazoezi ya kwaya. Kesho yake ndoo ilikuwa na nguo za kufua. Siku iliyofuata alisahau kabisa. Wiki ilipokwisha, baba yake alimuuliza wakiwa mezani, mbele ya mama na bibi, na Dorika akaona aibu kusema hakufanya.

"Zote zimeshika, baba," alijibu. "Nimevuta mpaka mikono ikauma."

Felisiani akafurahi. Kama zote zilishika, hakuona sababu ya kurudi Mpanda kutafuta gundi nyeusi zaidi. Aliziba madirisha yote kwa silikoni nyeupe, na chumba kizima kikanuka kama siki. Ilipokauka aliyamwagia maji, na halikupita hata tone. Boti ikaanza safari. Dorika alipoiona ikienda na kurudi salama, alijiambia kwamba uongo wake haukumdhuru mtu.

Jumamosi moja, baada ya jua kali la wiki kadhaa, Dorika alipanda boti hiyo pamoja na bibi yake, Rozalia, kwenda Ikola kumsalimu ndugu aliyejifungua. Bibi alikaa dirishani apate kuona ziwa. Upepo ulikuwa umeanza kuvuma na mawimbi yalikuwa yakipiga ubavuni, lakini abiria walikuwa wamezoea na wengine walisinzia.

Wimbi lililofuata halikuwa kubwa kupita mengine. Lilipiga ubavu, na dirisha lote likaingia ndani. Halikupasuka. Lilitoka zima kwenye fremu yake, likampiga Bibi Rozalia usoni, na maji yakamwagika nyuma yake kama ndoo iliyopinduliwa. Bibi alianguka kwenye mapaja ya Dorika. Damu ilikuwa ikimtoka kwenye paji la uso na kuchanganyika na maji. Mbele ya macho yake, kwenye fremu tupu, utepe mweupe wa silikoni ulikuwa unaning'inia na kucheza na upepo. Ulikuwa umebanduka wote, laini, kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa.

Wimbi jingine likaingia. Watu wakaanza kuchota maji kwa ndoo, kwa sufuria, kwa chochote. Respicius, nahodha, akageuza boti kurudi Karema na kuwataka watu wote wahamie upande wa pili ili lile tundu linyanyuke juu ya mawimbi. Dorika alikumbatia kichwa cha bibi yake, akikibana kidonda kwa kanga. Kichwani mwake yalikuwa yanapita maneno yaleyale: nimevuta mpaka mikono ikauma.

Boti ilifika ufukweni huku maji yakiwa magotini. Hakuna aliyekufa. Bibi Rozalia alipelekwa zahanati akashonwa.

Felisiani alifika mbio na kukuta umati. Aligusa fremu kwa kidole, akauvuta ule utepe mweupe, ukamfuata wote bila ubishi. Mtu mmoja alisema kwa sauti kwamba fundi huyu nusura awazamishe watu. Felisiani hakubisha. Alimgeukia dada yake mbele ya wote, akasema kosa ni lake, na kwamba kuanzia siku hiyo hatashika tena boti ya mtu.

Kuliona dirisha likimwangukia bibi kulimtisha Dorika, lakini kumwona baba yake akiinamisha kichwa kwa kosa lisilo lake kulimtisha zaidi.

"Si kosa la baba," alisema. "Mimi sikuviloweka vipande. Sikuvivuta. Viko jikoni mpaka leo. Nilimdanganya."

Shangazi Bibiana alishika kiuno akimtazama kana kwamba hamjui. Felisiani naye alimwangalia binti yake kama mtu aliyeambiwa nyumba yake imeungua. Hakumpiga wala hakumfokea. Alimwambia tu akavilete.

Safari hii vilikaa kwenye ndoo kama ilivyotakiwa, na Dorika aliviangalia asubuhi na jioni. Siku ya kuvivuta, kile cheupe kilibanduka kwa vidole viwili. Kile cheusi alikivuta mpaka ubao ukapasuka, na gundi haikuachia. Felisiani alimweleza kwamba plastiki hutanuka juani na kusinyaa kwenye baridi, hivyo inahitaji kitu kinachoishikilia huku kikinyumbuka nayo.

Gundi nyeusi ya kutosha iliagizwa. Madirisha yote yaling'olewa, na kazi ya kukwangua silikoni ya zamani ikawa ya Dorika kila akitoka shule, kwa sababu palipobaki hata utando wake, gundi mpya haishiki. Alikwangua na kupiga msasa mpaka vidole vikachubuka.

Siku ya boti kurudi kazini ilikuwa siku ya mnada. Abiria walikwisha panda, mizigo imefungwa, Respicius ameshika usukani. Shangazi Bibiana alimwambia Dorika ayapime madirisha kwa mara ya mwisho. Alimwagia maji kila moja na kulisukuma kwa viganja. Yote yalikuwa imara, isipokuwa moja. Kwenye kona yake ya chini palitokea tone dogo, na alikumbuka kwamba kona hiyo aliikwangua harakaharaka giza likiingia.

"Hii inavuja," alisema. "Nadhani sikuikwangua vizuri. Boti isiondoke."

Abiria walilalamika. Mwanamke mmoja mwenye matenga ya nyanya alisema nyie watoto mnachelewesha watu kwa tone la maji. Dorika alikaza macho chini, lakini hakubadili neno. Boti haikuondoka. Felisiani aliling'oa dirisha, na kweli, utando mweupe ulikuwa umebaki pale.

Bibi Rozalia, mwenye kovu bichi juu ya nyusi, alikuwa amekaa kwenye gogo akiwatazama. Alimwita mjukuu wake akae karibu.

"Siku ile ulisema neno la kumpendeza baba yako, likatuingiza majini," alimwambia. "Leo umesema neno lililowachukiza watu wote hawa, na wote watalala kwao. Ukweli unaweza kukuchelewesha, mjukuu wangu, ila hauzamishi mtu. Haya, kamsaidie baba yako kukwangua."