Nani Anachomoka Kwanza

Foleni ya kituo cha mafuta ilikuwa imefika barabarani, honi zikipigwa bila adabu, pale daktari mmoja wa meno alipojipenyeza na gari lake jekundu la michezo, milango miwili, viti viwili, mbele ya krosova ya dizeli, gari la familia lililoinuka juu. Mwenye krosova akashuka. Alikuwa fundi wa injini, ovaroli imefungwa mikono kiunoni, kitambaa cha njano kichwani, na hasira za kutosha watu wawili.

"Wewe kaka, huoni watu?"

"Samahani, mrembo. Gari langu halijui kusubiri."

"Halijui hata kuchomoka. Tuanze pamoja kwenye changarawe, mita hamsini za kwanza utakula vumbi langu."

"Na zinazofuata?"

"Hapo utanipita," alikiri. Kuhusu injini hakujua kudanganya. "Lako lina mbio. Langu linasukuma tangu chini."

Daktari akacheka, akaomba namba. Alipewa, pamoja na tusi dogo.

Simu zikaanza. "Umeamkaje, dizeli wangu?" "Nimeamka moto, wewe kelele tupu." Baada ya miezi miwili daktari alitaka ndoa, wala hakuficha. Kikwazo kilikuwa kaka wa yule fundi, mwenye gereji, aliyemlea dada yake tangu wazazi walipofariki na kumfukuzia wachumba kwa ngumi.

Jumamosi asubuhi wakaenda kupimana kwenye uwanja wa ndege wa zamani, njia yake imegeuka changarawe tupu. Kaka alisimama mwisho wa mbio kama mwamuzi, kwenye pipa lililojaa mchanga. Krosova ilichomoka kwanza, kama fundi alivyosema. Gari jekundu lilizungusha magurudumu pale pale, likashika, likaja kasi hadi ubavuni. Kisha fundi akasikia mlio wa injini ile ukishuka, ukamchoma moyo. Daktari alikuwa ameachia mafuta, makusudi, ili fundi ashinde mbele ya kaka yake.

Walipofika fundi alimzaba daktari kofi. "Nilikuomba unionee huruma?" Machozi yakamtoka.

Kaka aliona machozi tu, hakuuliza. Alikuja na spana kubwa, akampiga daktari shavuni, na daktari alipoegemea boneti, akauponda mkono wake wa kulia mara tatu. Mifupa ilisikika. Fundi alimrukia kaka yake mgongoni, akamng'ata sikio hadi damu ikamjaa mdomoni.

Kwa wiki tatu daktari hakupokea simu. Mkono ule ndio uliokuwa kazi yake. Siku alipopokea, sauti yake ilikuwa baridi.

"Ulimleta aje kunivunja."

"Sikumtuma, mpenzi. Nimehama kwake. Jicho langu moja bado limevimba."

"Alikupiga?"

"Tulipigana. Yeye ana hali mbaya zaidi."

Daktari akacheka bila kupenda. "Nilidhani kukuachia ushinde ni kukupenda."

"Kwangu ni dharau. Nipe mbio zako zote, uone kama nitakukimbia."

Kaka aliposikia wamerudiana, alivamia kliniki ya daktari akavunja kioo cha mapokezi kwa teke. Fundi alikuwepo.

"Tushindane uwanjani pale pale," kaka alifoka. "Mimi na hiyo krosova aliyoiacha gerejini kwangu. Ukinishinda, muoe. Nikikushinda, upotee."

"Ana plasta mkononi," fundi alisema. "Atabadilishaje gia?"

"Hayanihusu!"

"Basi nitabadilisha mimi."

Huko uwanjani wakajibana ndani ya gari jekundu, daktari kwenye usukani kwa mkono mmoja, fundi kashika gia. "Klachi!" "Tayari!" Krosova ikachomoka mbele, ikawarushia mawe hadi kioo cha mbele kikapasuka. Gia ya pili. Ya tatu. Wakamfikia. Kaka akakata usukani akawagonga ubavuni, kioo cha pembeni kikaruka. Akawagonga tena, na mkono uliovunjika ukabamizwa mlangoni. Daktari alipiga ukelele wa maumivu, mguu ukabaki pale pale kwenye mafuta. Walilipita pipa. Krosova iliyumba, ikalivaa.

Walimkuta kaka ameinamia usukani, midomo imechanika, meno ya mbele hayapo. Daktari alichuchumaa akachungulia kinywa kwa mazoea tu.

"Nitibu," kaka alisema kwa shida.

"Kwa mkono upi?"

Kaka akautazama ule mkono wenye plasta. Mwanaume mzima akalia kwa sauti.

"Nisamehe, shemeji."

Daktari aliinuka. Msamaha ulikuwa bado mbali. Lakini krosova ilikuwa imekufa, na gari jekundu lilikuwa na viti viwili tu.

"Mpeleke hospitali," alimwambia fundi. "Mimi nitasubiri hapa."

"Na mkono wako?"

"Ulishavunjika, hautavunjika zaidi. Hospitali ni dakika kumi na tano. Ukifika kwa kumi, nakuoa."

"Nikichelewa?"

"Nakuoa vilevile, ila nitakucheka mpaka uzeeni."

Fundi alimfunga kaka yake mkanda, akampangusa damu kwa kitambaa chake cha njano, akakaa kwenye usukani huku anacheka na kulia. Alipokanyaga mafuta, changarawe zilimpiga daktari miguuni, naye hakusogea.