Makopo ya Stoo ya Josho

Wekoye alikutwa amekufa mlangoni kwake, katika shamba la mzungu mmoja karibu na Kachibora, amejikunja kama mtu aliyeshikwa na baridi. Kazi yake ilikuwa kuogesha ng'ombe kwa dawa ya kupe joshoni. Mkewe, Sellah, alimpikia kunde. Yeye mwenyewe hakuzigusa.

Hilo liliwatosha majirani. Lilimtosha pia koplo, aliyemtia pingu na kumpeleka rumande Kitale. Muuaji wa sumu hunyongwa.

Inspekta Wabwile, mzaliwa wa Kabuchai, Bungoma, alikabidhiwa kesi hiyo macho yakiwa mekundu kwa uchovu. Kesi za sumu zilimchosha. Kila mara hutafutwa mpishi kwanza.

"Mama, mbona hukula?"

"Mume hula kwanza, afande. Nilikuwa nanyonyesha. Nilipotaka kujipakulia, akaanza kutapika."

"Ulitia nini kwenye kunde?"

"Chumvi na magadi tu, zilainike. Magadi alileta yeye, kutoka stoo ya josho. Si wote huchota huko?"

Ndivyo ilivyokuwa. Dawa ya kupe ilichemshwa papo hapo shambani, aseniki, unga wa sumu mweupe kama magadi, na magadi yenyewe pamoja, na hakuna mke wa kibarua aliyeyanunua magadi dukani.

Wabwile alikwenda jikoni kwa Sellah, akachukua unga wa magadi uliobaki, akaukamulia ndimu. Magadi hutoa povu. Unga ule ulinyamaza.

Katika stoo alimkuta nyapara, Bramwel, mzee wa kanisa, kofia mkononi. Glavu za mpira zilining'inia msumarini, mpya, zimejaa vumbi. Makopo yote yalifanana. Ila mengine yalikuwa yamekwaruzwa rangi ubavuni, hadi bati likaonekana.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Kutu, afande."

"Kutu ingekula rangi ya pembeni pia, mzee; hii imekwaruzwa kwa kisu. Palikuwa na nini?"

Bramwel alikaa juu ya gunia.

"Fuvu. Alama ya sumu. Vijana walikataa kuyabeba, ati hawashiki kichwa cha maiti. Josho likakaa bila dawa, ndama wakaanza kufa. Miaka yote hii mimi ni nyapara, sijawahi kumwendea mzungu kusema watu wamenishinda. Nikakwaruza."

"Wekoye angejuaje lipi ni lipi?"

"Nilimwambia sumu iko kushoto. Halafu nikapanga stoo upya, nikasahau kumwambia."

"Alipotapika, ulijua?"

"Nilijua."

"Na Sellah alipofungwa pingu?"

"Nilisema kesho nitasema. Kila siku nikasema kesho."

Wabwile hakumfokea. Nguvu ya kufoka hakuwa nayo. Alimfunga pingu, wakaondoka.

Kule Kitale alifungua mlango wa rumande, akamweleza Sellah yote, polepole. Mama huyo alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo aliyetia sufuriani ni mimi."

"Sheria haina neno nawe, mama. Nenda nyumbani."

Sellah alimfunga mtoto mgongoni, akakaza fundo.

"Sheria haitashika mwiko kesho, afande. Nitaushika mimi, kwa mikono hii hii."