Neno Alilobandikwa Dada

Kila siku akitoka shule, Chiriku alipitia kwanza chumba cha mbele, mahali mama yake alipofanyia kazi ya ushonaji. Jina hilo alipewa na darasa zima, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Chumbani mlikuwa na cherehani mbili za kukanyaga: moja ya mama, nyingine ya dada yake, aliyekuwa akijifunza ufundi.

Siku hiyo alimkuta dada amelaza kichwa juu ya cherehani. Sketi za sare zilirundikana pembeni, na zilizoshonwa hazikufika hata nusu.

"Ajizi hiyo, dada!" Chiriku alimcheka. "Mama, mwangalie binti yako."

Mama hakucheka. "Namwangalia mwezi mzima sasa. Mwanangu, nimechoka kusema. Sare hizi zisipoisha Ijumaa, Jumatatu cherehani hiyo anaikalia binti wa shangazi yako."

Dada alifuta machozi kwa kiganja, akaanza kukanyaga tena. Hakuna alichokitamani duniani kama kuwa fundi.

Kesho yake mwalimu wa Kiswahili alimtaka kila mwanafunzi achague neno moja, atafute maana na asili yake. Chiriku alichagua "ajizi" papo hapo, huku akiwaza atakavyomtania dada yake jioni. Kamusi ilimwambia kuwa ni uvivu au ulegevu, na kwamba neno limetoka katika Kiarabu. Hakutosheka, akaenda kwa mwalimu.

"Huko lilikotoka lina maana ya kutoweza, kuishiwa nguvu," mwalimu alieleza. "Hata ajuza, yaani bibi kizee, ni neno la ukoo huohuo. Sisi tumezoea kulitumia kwa mtu anayezembea."

"Kwa hiyo kule lilikotoka ni mtu asiyeweza kazi, si asiyeitaka?"

"Naam. Na ukiwatazama juujuu, huwezi kuwatofautisha."

Utani wote ulimwisha Chiriku. Jioni alikaa kimya, jambo lililomshangaza hata mama, akamtazama dada kwa makini. Dada alishona upindo mmoja, akatua kuvuta pumzi. Alipoinuka kufuata pasi, alishika meza kwanza, macho ameyafumba. Lakini kila mara alirudi kazini mwenyewe, bila kuambiwa. Mtegea kazi hafanyi hivyo, Chiriku alijiambia, na moyo ukamuuma.

"Dada, unaumwa?"

"Kizunguzungu tu. Na moyo unanienda mbio. Nikisema, mtadhani natafuta kisingizio."

Chiriku alimgeukia mama. "Mama, dada anaumwa. Apelekwe kituo cha afya."

"Tumalize sare kwanza."

"Kesho asubuhi, mama."

"Chiriku, usinipande kichwani!"

"Nitasema mpaka kuche, mama, unanijua. Hebu weka kiganja chako karibu na chake."

Mama alisonya, lakini akaweka. Kiganja cha dada kilikuwa kimepauka kama karatasi. Mama alikitazama kwa muda, kisha akaweka mkasi chini.

Asubuhi muuguzi alimtoboa dada kidole, akaipima damu. "Ana upungufu mkubwa wa damu," alisema. "Na kwa hali hii amekuwa akikanyaga cherehani kutwa?" Alimpa vidonge vya kuongeza damu, akamwagiza ale maharage, mboga za majani na maini, na apumzike.

Ijumaa sare zilikamilika. Mama alishona, Chiriku akapiga pasi na kushonea vifungo mpaka vidole vikamuwaka moto, wala hakulalamika hata mara moja.

Jumatatu binti wa shangazi, ambaye mama alikuwa amekwisha kumwambia ajiandae, alifika na mkasi wake mpya. Mama alimkaribisha vizuri, ila cherehani hakumpa. "Ina mwenyewe," alimwambia. "Anaumwa. Akipona atarudi kuikalia." Dada, aliyekuwa kitandani chumba cha pili, aliyasikia hayo akalia kwa furaha.

Mgeni alipoondoka, mama alimwita Chiriku akae karibu naye.

"Wavivu wapo, mwanangu, na nikimwona mmoja nitamsema," alisema. "Lakini kabla ya kumwita mtu mvivu, muulize kwanza ana nini. Swali hilo lilikuwa langu mimi mama yake, nami mwezi mzima sikuliuliza."