Korongo Hawaleti Viwavi

Jua lilikuwa halijatoka, na Gervasi alikuwa tayari shambani kwake Gitting, debe mkononi. Korongo zaidi ya mia walikuwa wametua kwenye mahindi yake. Akapiga debe mpaka masikio yakamuuma. Wakaruka, wakaenda kutua kwa jirani.

"Nendeni na uchafu wenu!" akawafokea.

Viwavijeshi walikuwa wameingia tangu Jumapili. Weusi, wengi, wanatembea kama jeshi kweli. Na kila mwaka ni hivyo hivyo: ukiona korongo, umeona viwavi. Kwa Gervasi jambo lilikuwa wazi. Ndege hao ndio waliowaleta, kwenye mavi yao.

Kwenye ofisi ya kata alishatoa taarifa. "Dawa inakuja, mzee, vuta subira." Maneno hayo aliyajua. Ndiyo waliyomwambia kuhusu gari la wagonjwa, usiku ule mke wake Philomena alipokuwa akitokwa na damu. Gari halikuja. Sasa alibaki na binti yake Glory na ekari mbili za mahindi. Yakiisha hayo, hawana kingine cha kula.

Siku ya tatu ya kupiga debe, jirani yake Paskalina alivuka mpaka. Mama huyu kila Januari huenda Ziwa Basotu kusaidia kuhesabu ndege.

"Shikamoo, Baba Glory."

"Marahaba. Umefuata korongo wako?"

"Nimekuja kukushukuru. Vibarua wako wote umenifukuzia kwangu, na nauli wamejilipia."

"Vibarua gani? Hao ndio wanaotuletea viwavi!"

Paskalina akacheka. Alipouona uso wa Gervasi, akaacha.

"Kiwavi anatoka kwenye yai la nondo, Baba Glory. Nondo analetwa na upepo wa mvua. Korongo anafuata chakula tu. Njoo uone."

Mahindi ya Paskalina yalikuwa na matundu, lakini yalikuwa yamesimama. Korongo walipita mstari kwa mstari. Kila mdomo mwekundu ukiinuka, una kiwavi.

"Hawa weupe wenye mabawa meusi wametoka Ulaya," alisema Paskalina. "Wanaondoka mwezi wa nane, kabla ya baridi. Bahari pana hawaivuki, maana wanabebwa na hewa ya moto inayopanda kutoka nchi kavu. Kwa hiyo wanazunguka. Wanapita Uturuki, Misri, wanafuata Mto Nile hadi Sudani, kisha Kenya, ndipo hapa. Wengine wanafika Afrika Kusini. Wale wadogo, weusi wenye tumbo jeupe, wametoka huko Sudani. Hata mbayuwayu wengi unaowaona sasa ni wageni wa Ulaya. Mwezi wa tatu wanaanza kurudi."

"Na njia yote hiyo hakuna anayewafukuza?"

"Wanapigwa risasi. Wengine wanakula wadudu waliopuliziwa dawa, wanakufa."

Gervasi alirudi kwake. Ekari moja na nusu ilibaki mishipa ya majani. Kipande cha mpakani tu, ambako korongo wa Paskalina walivuka, kilikuwa kijani. Debe hakuligusa tena. Korongo kama thelathini wakarudi. Wenzao walishashika njia ya kusini.

Siku ya nane tangu atoe taarifa, dawa ikafika. Vicent, mtu wa ofisi, alishuka kwenye pikipiki na bomba mgongoni.

"Shikamoo, mzee. Tumeleta dawa."

"Marahaba. Mmemletea nani?"

Vicent akatazama mabua matupu. "Basi nipulize pale penye kijani."

"Pale hapana. Wapo wanaofanya kazi. Wakila kiwavi mwenye dawa, watakufa."

"Weka sahihi kwamba umepokea."

"Siweki."

Vicent akaiweka mwenyewe, akawasha pikipiki.

Mwezi wa saba walivuna gunia moja na nusu, yote kutoka kipande kile. Wakila mara moja kwa siku, yangewafikisha Desemba.

"Msimu ujao tukiona korongo wa kwanza," Gervasi alimwambia Glory, "tunaingia kufunua majani. Viwavi wakiwa wadogo tunawaponda. Wanaobaki, tunawaachia ndege."

"Na wasipokuja, baba?"

Gervasi alifunga mdomo wa gunia, akakaza kamba.

"Basi tutabaki na ofisi."