Lita Moja ya Shafii

Katika msimu wa korosho, Jumamosi haikuwa siku ya mapumziko nyumbani kwa akina Sabra. Alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajamaliza kuwika, Sabra alikuwa ameshakwenda kisimani na kurudi na ndoo kichwani. Akafagia uwanja, akawasha moto, akabandika sufuria ya maji. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita. Wiki hiyo nzima alikuwa akitoka shuleni na kwenda moja kwa moja shambani kumsaidia mama yake kuokota korosho na kuzitenganisha na mabibo. Vidole vyake vilikuwa vimebabuka kwa utomvu, na mgongo ulimuuma kama wa mtu mzima.

Kijiji chao kilikuwa kando ya barabara ya kwenda Kilambo, mahali watu wanapovukia Mto Ruvuma kwenda Msumbiji. Baba yake, Hemedi, alikuwa huko kivukoni akipakia mizigo, na hakutarajiwa kurudi karibuni. Kazi yote ya nyumbani na shambani ilibaki kwa mama na binti.

Mama yake, Rehema, alitoka chumbani akiwa amempakata Shafii, mdogo wake Sabra, ambaye alikuwa bado hajatimiza miaka miwili. Mtoto alikuwa akiharisha tangu juzi. Jana mama alimpeleka zahanati, akapewa vidonge na pakiti za dawa ya unga ya kuongeza maji mwilini. Usiku kucha mama hakupata usingizi, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Sabra!"

"Abee, mama."

"Lile wingu la upande wa bahari silipendi. Mvua ikizikuta korosho chini, zitaharibika. Acha niende nikaokote, adhuhuri nitakuwa nimerudi. Wewe mnyweshe ndugu yako dawa, kidogo kidogo kwa kijiko. Nesi amesema pakiti moja kwa maji lita moja yaliyochemshwa na kupoa. Lita moja, umesikia? Pimia ile chupa ya mafuta."

"Nimesikia, mama."

Maji yalipopoa, Sabra aliitafuta chupa ile ya lita moja pale inapokaa siku zote. Haikuwapo. Akakumbuka kwamba mama Nuru, jirani yao, alikuja kuiazima. Nyumba ya mama Nuru haikuwa mbali, ilikuwa ng'ambo ya barabara tu, lakini Sabra aliitazama njia ile akahisi miguu mizito. Shafii alikuwa analia. Kwenye kichanja cha vyombo palikuwa na kikombe kikubwa cha plastiki, cha bluu.

"Kikombe chote hiki," alijisemea. "Kikijaa si ni lita tu?"

Akakijaza maji, akamimina pakiti nzima, akakoroga.

Mwanzoni Shafii alikunywa kwa pupa. Baadaye alianza kukunja uso na kutema, kisha akataka tena, kama mtu mwenye kiu isiyokatika. Sabra alifurahi kuona kikombe kinaisha. Akachanganya pakiti ya pili vilevile. Kufikia saa tano, Shafii alikuwa ametapika, midomo imekauka, na kilio chake kimekuwa chembamba kisicho na machozi. Ngozi yake ilikuwa ya moto. Sabra alimbeba huku na huku uwanjani akimwimbia, na moyo wake ukaanza kuingiwa na hofu.

Mama aliporudi na ndoo ya korosho, alimtazama mtoto mara moja tu, akaitua ndoo chini.

"Dawa amekunywa?"

"Amekunywa, mama. Kikombe na zaidi."

"Ulipima lita moja?"

Sabra aliinamisha kichwa. "Nilipima."

Neno lile lilitoka upesi kuliko alivyotaka. Mama hakuuliza tena. Alimfunga Shafii mgongoni kwa khanga, akamwambia Sabra afunge mlango, wakashika njia ya zahanati. Jua lilikuwa kali na mchanga unachoma. Njia nzima mama alitembea haraka. Alipumua kwa nguvu, na mara mbili alijikwaa mahali pasipo na jiwe.

Zahanatini alikuwapo muuguzi mmoja tu, nesi Anna, mwenyeji wa Iringa. Wagonjwa walikuwa wamejaa barazani, na chai yake ilikuwa imepoa mezani bila kuguswa. Hata hivyo, alipomwona Shafii aliwaita ndani mara moja.

Alimning'iniza mtoto kwenye mizani, akasubiri mshale utulie. "Kilo tisa kamili. Jana alikuwa na kilo tisa na gramu mia tatu." Akamwekea kipimajoto kwapani, na kilipolia akakisoma: nyuzi joto thelathini na nane na nusu. Halafu akaifunua nguo ya mtoto, akatazama kifua kinavyopanda na kushuka huku akiifuata saa yake ya mkononi, akihesabu pumzi kwa dakika nzima. Hakuharakisha hata kidogo, ingawa nje watu walikuwa wanakohoa na kuita.

"Anazidi kukauka," alisema. "Mama Sabra, dawa mliichanganyaje?"

"Kama ulivyoniambia, nesi. Pakiti moja, lita moja. Binti yangu ndiye aliyepima."

Nesi Anna alikunja uso. "Kama anapewa sawasawa na bado yuko hivi, basi kuna jambo jingine ambalo mimi hapa sina kipimo chake. Itabidi nitafute gari, aende hospitali Mtwara mjini."

Mama aliketi kwenye benchi. "Mjini?" alinong'ona. "Peke yangu? Na baba yake hayupo."

Sabra alimtazama mama yake. Aliona vumbi kwenye nywele zake, utomvu mikononi, na khanga iliyofungwa upande. Kisha akamtazama Shafii aliyelala kitandani, macho nusu wazi.

"Nesi," alisema, "sikupima."

Wote wawili wakamgeukia.

"Chupa ya lita ilikuwa kwa jirani. Nilichoka kwenda kuifuata. Nikatumia kikombe kama kile." Alionyesha kikombe cha bluu kilichokuwa juu ya mtungi wa maji ya kunywa. "Nilidhani ni lita. Mama aliponiuliza, nikamdanganya."

Nesi Anna aliinuka. Alikichukua kikombe, akakijaza maji mpaka ukingoni, akayamimina kwenye jagi lenye mistari na namba. Maji yalisimama kwenye mstari wa mililita mia tano.

"Nusu lita," alisema polepole. "Kwa hiyo chumvi imekuwa mara mbili. Chumvi ikizidi, badala ya kuupa mwili maji, inayavuta maji yake. Ndiyo maana kiu yake haikuisha."

Mama hakumpiga Sabra wala hakumfokea. Alifumba macho tu, akashusha pumzi ndefu, na hilo lilimuumiza Sabra kuliko kofi.

"Sasa angalau najua ninachotibu," nesi alisema. "Tutaanza hapa, na hatoki mpaka niridhike. Asipopata nafuu, gari litaitwa. Mnyonyeshe, mama. Nami nitachanganya dawa upya."

Mchana ulikwenda kwa uzito. Mama alinyonyesha, akampa dawa kijiko kimoja kimoja, akasubiri, akampa tena. Nesi Anna alikuwa akitoka kuhudumia wengine na kurudi kumtazama. Mvua ilinyesha kweli, ikapiga mabati kwa kishindo. Mama aliisikiliza akijua korosho zilizobaki chini zinalowa, lakini hakusogea.

Mvua ilipokatika, Shafii alilia kwa sauti, na safari hii machozi yalimtiririka. Muda mfupi baadaye mama alihisi khanga yake imelowa. "Amekojoa!" alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alitabasamu. Kipimajoto kilionyesha homa imeshuka hadi nyuzi thelathini na saba na nusu. Mizani nayo ilionyesha gramu mia moja na hamsini zimerudi.

Nesi Anna aliketi, akavua viatu chini ya meza.

"Sabra, njoo. Unadhani mimi sijachoka?"

"Umechoka, nesi."

"Nimechoka sana. Na macho yaliyochoka hudanganya, yangu kama yako. Ndiyo maana sipimi homa kwa kiganja, wala uzito kwa kumbeba mtoto, wala maji kwa kuyatazama. Mtu huchoka, mwanangu, kipimo hakichoki. Siku umechoka kabisa, ndiyo siku ya kupima kwa makini zaidi. Na kama hukupima, sema hukupima. Ulichosema leo kimemsaidia mdogo wako kuliko dawa yoyote niliyo nayo kabatini."

"Na mimi nimejifunza," mama alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuachia mzigo mkubwa bila kuhakikisha chombo kipo. Lakini usinidanganye tena, Sabra. Uchovu nitauvumilia. Uongo siwezi kuumeza."

"Nisamehe, mama."

"Nimeshakusamehe."

Nesi alimpa Sabra pakiti mpya, jagi, na maji yaliyochemshwa na kupoa. "Changanya ya kwenda nayo nyumbani."

Sabra aliliweka jagi juu ya meza iliyo sawa. Akapiga magoti mpaka jicho lake likawa usawa wa mstari, akamimina maji polepole, akaongeza tone, akasubiri yatulie. Kisha, ingawa alikuwa na hakika, akageuka.

"Nesi, tafadhali njoo uhakikishe."

Nesi Anna aliinama kando yake, akatazama.

"Lita moja," alisema. "Mimina pakiti yako."