Kura za Mwendo wa Baba

"Zima! Zima hiyo kitu saa hii!"

Mama Sellah alikuwa amesimama katikati ya hema, leso imemponyoka, kidole kimeelekea kwenye kitambaa cheupe... pale ambapo marehemu mume wake alikuwa anatembea!

Ndio, umesoma vizuri. Anatembea!

Wageni wote wa ibada ya kumbukumbu pale Kabuchai wakamgeukia Nelima. Ni yeye, binti wa marehemu, aliyeleta projekta kutoka Kitale na kutengeneza ile video. Alitamani ardhi ipasuke aingie.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo.

Nelima ana ukurasa wenye wafuasi wengi. Kazi yake ni kupima app za AI za video. Anaweka picha ya mtu, app zinamtembeza, halafu wafuasi wanapiga kura ni ipi inatembea kama binadamu kweli.

Safari hii aliweka picha ya mwisho ya baba yake, akiwa ameegemea lango la boma.

App ya kwanza ilimpa mzee vidole saba. Takataka!

Ya pili ilimtembeza akiburuta mguu wa kulia, bega limelala upande.

"Hii nayo imeharibu mguu kabisa," Nelima akaandika. "Mzee ni kama ametoka kulewa busaa!"

Wafuasi wakacheka mpaka basi.

Ya tatu sasa... kifua mbele, hatua safi, hata suruali inajikunja magotini vizuri.

"Ya tatu ndio real!" Kura zikamiminika.

Hiyo ndiyo aliyobeba kwenda nyumbani. Tangu mazishi, mama yake alikuwa anamjibu kwa mkato tu, kwa sababu miaka ya mwisho ya mzee Nelima hakukanyaga nyumbani. Hii video ndiyo ilikuwa ya kuomba msamaha.

"Mayi, nini mbaya? Si ni Papa huyo?" Nelima akamuuliza mama yake pale hemani.

"Huyo mwanaume mimi simjui!"

Kaka yake, Derrick, akamvuta nyuma ya hema.

"Nelima, si mzee alikuwa anachechemea?"

"Ati nini? Tangu lini?"

"Tangu aanguke na boda hapo Kamukuywa. Alikuwa anakuletea jogoo Kitale, ile Krismasi ulisema uko bize."

"Na hakuna mtu aliniambia?!"

"Alitukataza bana. Alisema utajilaumu. Ati siku utakuja, utajionea mwenyewe."

Na hakuja!

Jamani, Kitale na Kabuchai ni mbali? Unatoka asubuhi, jioni uko kwako. Lakini Nelima alikuwa mtu wa kupiga simu Jumapili, na simu haionyeshi mguu.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Watu wasiomjua baba yake walikuwa wamepigia kura mwendo wake, na aliyeanza kumcheka ni mtoto wake wa kuzaa.

Alirudi ndani, watu wakimtazama, akapiga magoti mbele ya mama. Akafungua ile video ya pili kwenye simu.

Mzee akaja polepole, mguu unaburuta, bega limelala.

Mama Sellah akaishika simu kwa mikono miwili.

"Ee... huyu sasa ndiye wangu."

"Mayi, nisamehe."

"Hivi ndivyo alikuwa anatembea kila jioni mpaka kwa lango. Hiyo picha Derrick alimpiga hapo hapo, akiangalia barabara."

"Alikuwa anangoja nani?"

Mama akamgusa kifuani kwa kidole. Nelima akaangusha kichwa kwenye mapaja ya mama yake, akalia mbele ya wageni wote.

Alifuta ile post siku hiyo hiyo. Lakini watu walikuwa wameshaisambaza, na mpaka leo kuna mahali mtu anamcheka yule mzee kwa maneno ya binti yake.

Wewe unayesoma hii na wazazi bado wako hai, weka simu chini. Nenda ukamwone baba yako akitembea.