Juisi Kwenye Chupa ya Kijino

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa, saa saba na nusu mchana. Nilikuwa ghalani nachambua machungwa, mazima kulia, yaliyopasuka kushoto. Simu ikalia. Alikuwa jirani yangu, mshona nguo, anayenilelea mtoto nikiwa kazini.

"Njoo umwone mwanao. Mdomo mwekundu kama kapakwa pilipili."

Mwanangu ana miezi tisa. Tunamwita Kijino, maana ana jino moja tu na anamng'ata nalo kila mtu. Mama yake alifariki mtoto akiwa na miezi minne. Tangu hapo sijalala usingizi wa maana.

Nilikimbia. Kidevu chote kilikuwa kimewaka. Nikafungua nepi. Matako nayo mekundu, choo chepesi. Nikamfuta machozi kwa kiganja. Akazidi kupiga yowe.

Mama mkwe alifika hata sijakaa.

"Umempa nini mjukuu wangu?"

"Juisi ya machungwa, mama. Yaliyopasuka tunaruhusiwa kuchukua. Nimekamua, nikamjazia chupa yake."

"Chupa nzima?"

"Anainyonya tangu asubuhi," mshona nguo alisema, macho chini. "Ilikuwa inamnyamazisha."

"Nilisema mimi, humwezi mtoto huyu!" mama mkwe akafoka. "Nakupa wiki mbili. Nikirudi nikamkuta hivi, naondoka naye. Na chungwa asilione tena!"

Nilichoka hata kubisha. Lakini Kijino akiondoka, mimi nitarudi nyumbani kufanya nini?

Jioni mshona nguo alimleta Dada Mkoba, mhudumu wa afya wa mtaa wetu. Huyo na mkoba wake hawaachani. Alimkagua Kijino polepole.

"Midomo ilivimba? Alihema kwa shida? Alitapika? Alitoka vipele mwili mzima?"

"Hapana."

"Ungeona hata kimoja, ungekimbia naye hospitali saa hiyohiyo. Hii ni asidi ya machungwa, imemchoma ngozi. Choo chepesi kikiendelea, au akilegea, mpeleke zahanati. Hebu nipe mkono wako."

Akaunusa.

"Kaka, wewe ni mtu au ganda la chungwa?"

Mshona nguo akacheka. Mimi sikuweza.

"Mafuta ya maganda nayo yanawasha," akasema. "Unatoka ghalani, unamfuta uso kwa mikono hii. Nawa kwa sabuni kwanza, badili shati, ndipo umbebe."

"Basi nimwachishe machungwa kabisa?"

"Nani kakwambia? Chungwa ni zuri. Akilila pamoja na maharage au mboga za majani, mwili unapata vizuri madini ya kuongeza damu. Ila juisi hapana mpaka afikishe mwaka. Na chupa ya kunyonya kutwa itamwozesha hilo jino lake moja. Kiu yake ni maziwa, na maji kidogo kwa kikombe."

"Nitampaje sasa?"

"Ngoja ngozi ipone. Kisha chukua kipande kimoja kilichoiva vizuri. Toa mbegu zote, menya na ile ngozi nyembamba, inaweza kumkaba. Katakata vipande vidogo sana. Mpe baada ya chakula, akiwa amekaa, nawe umemkodolea macho. Halafu mfute kidevu kwa maji. Subiri siku tatu kabla ya kumpa tunda jingine jipya, ujue lipi limemdhuru."

Akanitazama. "Zahanati hawakukufundisha?"

"Nilienda. Mlinzi akaniambia, 'Baba kaa nje, hili ni somo la akina mama.' Nikakaa kwenye benchi, nikasikia vicheko tu."

Dada Mkoba alifunga mkoba wake.

Siku tano nilimpaka mafuta mazito, nikambadili nepi kila ikilowa. Ngozi ikapona. Siku ya sita nikampa chungwa, kidogo tu, baada ya maharage yaliyopondwa. Akakunja uso kama mzee aliyesomewa bili. Kisha akafungua mdomo, anataka tena. Nikamfuta, nikasubiri. Hakutoka hata kipele.

Wiki mbili zilipoisha, mama mkwe alirudi na begi tupu la kubebea nguo za mtoto. Akamkuta Kijino amekaa, anakula chungwa. Akamgeuza huku na huku. Akafungua nepi, akaifunga.

"Ulimenya na ngozi ya ndani?" Kumbe Dada Mkoba alishamweleza.

"Ndiyo, mama."

"Mikono umenawa?"

Nikampa anuse. Akanusa kweli. Kisha akakaa, begi akalisukuma chini ya kiti.

"Nipe hicho kijiko, baba. Umechoka wewe."

Kesho yake nilikwenda zahanati. Nikamwambia mkuu wao kwamba miezi mitano nilimlisha mtoto kwa kubahatisha, na mlango wa somo ulikuwa hatua tatu kutoka kwenye benchi yangu. Akasema atalifikisha kwa wakubwa. Wakubwa hao, kila mwaka wanafikishiwa.

Ni wiki ya tatu sasa tangu nimwone. Mlinzi bado yupo mlangoni. Na mimi bado nauliza: baba aliyebaki peke yake na mtoto, afundishwe na nani?